Jinsi ya Kusoma na Kulinganisha Viambato vya Losheni na Krimu Kabla ya Kununua

Watu wanaoniletea chupa mbili za losheni na kuniuliza wanunue ipi hukwama karibu wote mahali pamoja. Wamesoma maandishi makubwa ya mbele, wakageuza chupa, wakakuta msururu wa majina yasiyotamkika, wakatafuta ndani yake jina moja walilowahi kulisikia, na walipoliona wakaridhika. Kuliona jina hakutoshi hata kidogo. Kiambato kilichoandikwa cha 3 na kiambato hicho hicho kikiwa cha 13 ni mambo mawili tofauti, na mtu asiyelijua hilo atalipia picha ya mshubiri huku anachojipaka ni maji, mafuta ya madini na manukato.

Mwongozo huu unahusu losheni na krimu za mwili na za uso zinazouzwa katika maduka yetu ya vipodozi na ya dawa. Linganisho la kwanza litakuchukua kama nusu saa. Baada ya chupa tano au sita utaweza kulifanya ukiwa umesimama mbele ya rafu.

## Vitu vya kuandaa

- Bidhaa mbili za aina moja pamoja na maboksi yake. Losheni ilinganishwe na losheni na krimu ya uso na krimu ya uso, kwa sababu mizani ya viambato hutofautiana kwa aina.
- Simu yenye kamera, kwa kuwa herufi za nyuma ya chupa huwa ndogo mno kusomeka kwa jicho tupu.
- Daftari, kalamu ya kawaida na kalamu ya wino usiofutika.
- Bei halisi ya kila bidhaa na ujazo wake kwa mililita au gramu.

## Hatua ya 1: Andika tatizo la ngozi yako kwa sentensi moja

Kabla hujagusa chupa yoyote, andika juu ya ukurasa kile unachotaka kitatuliwe: "miguu inapauka na visigino vinapasuka", au "chunusi kidevuni", au "madoa meusi yaliyobaki baada ya chunusi". Hakuna kiambato kizuri kwa kila mtu, na asiye na sentensi hii huishia kulinganisha rangi za chupa.

Sentensi ikitaja jambo linaloonekana au kuhisika, imekaa sawa. Ukijikuta umeandika "ngozi nzuri", anza upya.

## Hatua ya 2: Pata orodha kamili na uipige picha

Orodha huanza na neno "Ingredients", "Ingrédients" au "Composition", na mara nyingi iko kwenye boksi tu, si kwenye kopo. Piga picha kwenye mwanga wa kutosha, ikuze, kisha nakili majina yote daftarini ukiyapa namba kuanzia 1. Kunakili kwa mkono kunachosha, lakini kunalazimisha jicho kupita kila jina badala ya kurukia lile linalojulikana.

Zingatia mambo matatu. Bidhaa isiyo na orodha kabisa irudishe, hata muuzaji akikuapia. Bidhaa ambayo stika imebandikwa juu ya orodha ya awali nayo iache, maana huwezi kujua kilichofunikwa ni nini. Krimu iliyopimwa kutoka kwenye ndoo na kutiwa kwenye kikopo kisicho na lebo haina nafasi katika mwongozo huu, kwa sababu hakuna cha kusoma.

## Hatua ya 3: Tafuta kwanza vilivyopigwa marufuku

Hatua hii inatangulia hesabu nyingine zote, kwa kuwa bidhaa ikianguka hapa hakuna haja ya kuendelea nayo. Naomba isirukwe hata na msomaji ambaye hana nia ya kujichubua: viambato hivi hukutwa pia kwenye krimu zinazouzwa kwa majina ya "kuondoa madoa", "kung'arisha" na "karoti".

Haidrokwinoni. Kwenye lebo imeandikwa "Hydroquinone". Tanzania, Kenya na Rwanda zimeipiga marufuku katika vipodozi, na Umoja wa Ulaya vilevile hauiruhusu kwenye krimu za ngozi. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, ndiyo maana wiki za mwanzo humfurahisha mtumiaji. Ikitumiwa kwa miaka, hasa kwenye ngozi nyeusi inayopigwa na jua, inaweza kuleta mabaka ya rangi ya bluu iliyoingia weusi mashavuni na kuzunguka macho, na mabaka hayo ni magumu sana kuyaondoa. Mtu anayeyaona huongeza krimu ile ile akidhani ni madoa ya kawaida, na tatizo linazidi.

Zebaki. Tafuta maneno "Mercury", "Mercurous Chloride", "Calomel", "Mercuric", "Mercurio" au "Ammoniated Mercury". Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na hubaki mikononi na kwenye taulo, hivyo mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka naye huipata. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama kuondoa sokoni vipodozi vilivyotiwa zebaki. Hata hivyo krimu hizo bado zinapita mipakani, na aghalabu zebaki yenyewe haitajwi kwenye orodha. Shirika la Afya Duniani limetoa dalili moja inayofaa kukumbukwa: maelezo ya matumizi yakikuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa dhahabu, fedha au vito vingine, au uiepushe na aluminiamu na mpira, hilo linaweza kuashiria kwamba ina zebaki.

Steroidi. Majina yanayoonekana mara nyingi ni "Clobetasol Propionate" na "Betamethasone", pamoja na mengine yenye miishio ya "-sone", "-lone" na "-nide". Hizi ni dawa halali mikononi mwa daktari anayetibu ukurutu kwa muda maalumu, na clobetasol imo katika kundi lenye nguvu kuliko yote. Ndani ya krimu ya kujipaka kila siku, hukondesha ngozi mpaka mishipa midogo ya damu inaonekana, huleta michirizi mapajani na kwapani, na huamsha chunusi.

Ukigundua kwamba umekuwa ukitumia krimu yenye zebaki au haidrokwinoni, iache leo. Ikiwa ni ya steroidi na umeipaka sehemu kubwa ya mwili kwa miezi, nenda kwa daktari kwanza akuelekeze namna ya kuiacha, kwani kuikata ghafla kunaweza kuifanya ngozi iwake na kuvimba kuliko ilivyokuwa awali.

Bidhaa inaweza kuendelea na hatua ya 4 ikiwa haina jina lolote kati ya hayo na pia haitoi ahadi isiyo na maelezo. Krimu inayodai kukung'arisha ndani ya siku 7 huku orodha yake ikiwa na maji, nta na mafuta tu, ama inadanganya kwenye ahadi, ama inaficha kwenye orodha. Kwa vyovyote vile, iache. Alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango, kwa Tanzania, ambako shirika hilo ndilo linalosimamia vipodozi tangu 2019, au ya KEBS kwa Kenya, ni msaada wa kuongezea ukaguzi wako; macho yako bado yanahitajika.

## Hatua ya 4: Chora mstari wa asilimia 1

Hapa ndipo penye kiini cha kazi nzima.

Kanuni inayofuatwa Ulaya, Marekani na katika nchi nyingine nyingi ni kwamba viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, mpaka kufikia vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Rangi nazo huruhusiwa kukaa mwishoni bila kujali kiasi. Mpaka huo haujachorwa popote kwenye lebo; inabidi uutafute mwenyewe, na njia rahisi ni kumtumia shahidi, yaani kiambato ambacho kiwango chake cha juu kinajulikana.

Shahidi anayepatikana kwa urahisi ni "Phenoxyethanol", kihifadhi kinachozuia bakteria na ukungu, ambacho sheria ya Umoja wa Ulaya haikiruhusu kuzidi asilimia 1. Kwa kuwa kila kilicho juu ya asilimia 1 lazima kitangulie vilivyo chini yake, majina yote yaliyo nyuma ya Phenoxyethanol, ukiacha rangi, ni ya asilimia 1 au pungufu. "Methylparaben" ni shahidi mkali zaidi, maana kikomo chake kikiwa peke yake ni asilimia 0.4. "Carbomer", "Xanthan Gum" na "Disodium EDTA" navyo kwa kawaida hutiwa kidogo sana.

Tuchukue mifano miwili niliyoitunga kwa kufuata losheni za kawaida za madukani.

Losheni A ni ya kijani kibichi. Mbele ina picha ya jani la mshubiri lililokatwa likichuruzika utomvu, na maneno ya siagi ya shea. Nyuma yake: "Aqua, Paraffinum Liquidum, Glycerin, Stearic Acid, Cetyl Alcohol, Triethanolamine, Parfum, Phenoxyethanol, Carbomer, Butyrospermum Parkii Butter, Aloe Barbadensis Leaf Juice, Linalool, Limonene, CI 19140, CI 42090."

Losheni B ni nyeupe, chupa yake haina picha yoyote. Nyuma yake: "Aqua, Glycerin, Petrolatum, Urea, Butyrospermum Parkii Butter, Cetearyl Alcohol, Dimethicone, Glyceryl Stearate, Phenoxyethanol, Xanthan Gum, Lactic Acid."

Siagi ya shea ndiyo "Butyrospermum Parkii Butter", na utomvu wa mshubiri ndio "Aloe Barbadensis Leaf Juice". Katika losheni A vyote viwili, ambavyo ndivyo vilivyoiuza chupa, viko chini ya mstari, nyuma ya kihifadhi, na manukato yamevitangulia. Katika losheni B, ambayo haikujisifu kwa shea, siagi hiyo ni ya 5, juu ya mstari. Na ule ukijani wa losheni A? CI 19140 ni rangi ya njano na CI 42090 ni ya bluu. Zikichanganywa hutoa kijani, na mnunuzi hudhani anauona mshubiri wenyewe.

Chora mstari daftarini mara tu kabla ya shahidi wa kwanza unayemwona, kisha tia alama majina yote yaliyotajwa mbele ya chupa uone yameangukia upande gani.

Usiharakishe hata hivyo kudharau kila kilicho chini ya mstari. Vipo viambato vinavyofanya kazi kwa kiasi kidogo, kama "Retinol" na "Sodium Hyaluronate", na kwa hivyo nafasi ya chini si kasoro kwao. Mafuta, siagi na utomvu wa mimea ndivyo vinavyohitaji wingi.

## Hatua ya 5: Gawa viambato vya juu ya mstari kwa kazi zake

Losheni inayotunza ngozi kavu inahitaji makundi matatu. La kwanza huvuta maji na kuyashika kwenye ngozi: "Glycerin", "Urea", "Propylene Glycol". La pili hulainisha na kujaza nyufa ndogo: siagi ya shea, mafuta ya nazi yanayoandikwa "Cocos Nucifera Oil", "Glyceryl Stearate". La tatu huziba ili maji yasitoroke: "Petrolatum", ambayo ndiyo mafuta ya mgando tunayoyajua tangu utotoni, "Paraffinum Liquidum", yaani mafuta ya madini, "Dimethicone" na nta ya nyuki, "Cera Alba". Andika herufi V, L au Z pembeni ya kila jina.

Losheni B ina makundi yote matatu juu ya mstari, tena ina vivuta maji viwili. Losheni A ina gliserini na mafuta ya madini, basi si mbaya kama hasira ya hatua ya 4 inavyoweza kutufanya tuamini. Kwa mtu ambaye ngozi yake haina shida itamtosha, ila ajue analipia harufu na rangi.

Kosa moja nimeliona mara nyingi mno: mtu anaona neno "Alcohol" na kuirudisha chupa. "Cetyl Alcohol", "Cetearyl Alcohol" na "Stearyl Alcohol" ni nta laini zinazotokana na mafuta, nazo hazikaushi ngozi. Ya kuepukwa na mwenye ngozi kavu ni "Alcohol Denat." au "Alcohol" peke yake, ikiwa karibu na mwanzo wa orodha.

## Hatua ya 6: Kagua manukato

Neno "Parfum" au "Fragrance" ni jina moja linaloweza kubeba makumi ya kemikali zisizotajwa. Umoja wa Ulaya unataka manukato yanayojulikana kuleta mzio yatajwe kwa majina yanapozidi asilimia 0.001 katika bidhaa za kupaka na kuacha, ndiyo maana mwishoni mwa orodha utakutana na "Linalool", "Limonene", "Geraniol", "Citral" na "Eugenol", ambayo ndiyo harufu kuu ya karafuu zetu.

Mengi kati ya hayo hutoka kwenye mimea, na hilo haliyapunguzii uwezo wa kuwasha. Kwa mtoto mchanga, kwa mwenye ukurutu na kwa aliyewahi kuota vipele baada ya losheni, chagua orodha isiyo na Parfum kabisa. Na kwa kuwa tumegusa vitu vya asili, ndimu na limau visipakwe usoni. Maji yake yakikutana na jua yanaweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi kwa wiki nyingi.

## Hatua ya 7: Kwa krimu za matibabu, dai asilimia

Kama sentensi yako ya hatua ya 1 inahusu chunusi au madoa, nafasi kwenye orodha haitoshi; unahitaji namba iliyochapishwa. Viwango vya kawaida ni asidi ya salisiliki, "Salicylic Acid", asilimia 0.5 hadi 2 kwa chunusi. "Benzoyl Peroxide", nayo kwa chunusi, ni asilimia 2.5 hadi 10, na ni busara kuanzia 2.5, "Niacinamide" asilimia 2 hadi 5 kwa madoa na mafuta usoni, "Urea" asilimia 10 au zaidi kwa visigino.

Bidhaa mbili zenye kiambato hicho hicho, moja ikitaja asilimia na nyingine ikikaa kimya, nachagua inayotaja. Namba kubwa haimaanishi nafuu ya haraka, na ngozi yetu ikiwashwa sana huacha doa jeusi pale palipowashwa, kwa hiyo anayekimbilia kiwango cha juu anaweza kujizidishia tatizo alilokuja nalo. Mjamzito asitumie "Retinol" wala ndugu zake, yaani viambato vingine vya jamii ya vitamini A. Anayetumia "Glycolic Acid", asidi inayoondoa tabaka la juu la ngozi, lazima apake kinga ya jua kila asubuhi, SPF 30 au zaidi.

## Hatua ya 8: Linganisha bei kwa mililita 100

Gawa bei kwa ujazo, zidisha kwa 100. Tuseme losheni A ni shilingi 9,000 kwa mililita 400, na losheni B ni shilingi 8,000 kwa mililita 250. A inatoka 2,250 kwa mililita 100 na B inatoka 3,200. B ambayo rafuni ilionekana nafuu ndiyo ghali.

Sasa rudi kwenye sentensi yako. Kwa miguu inayopauka ningelipa tofauti ile ya shilingi 950, kwa sababu ya urea na shea. Mwenye bajeti finyu anaweza kununua losheni yoyote yenye gliserini miongoni mwa majina 3 ya mwanzo, aipake mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha aipitishie juu mafuta ya mgando. Atapata sehemu kubwa ya faida ile ile kwa pesa kidogo.

Kabla ya kulipa, soma tarehe ya mwisho, na utafute kichoro cha kopo lililo wazi lenye maandishi kama "12M", maana yake miezi 12 baada ya kufunguliwa. Ukifika nyumbani, andika tarehe ya kufungua chini ya kopo kwa wino usiofutika.

## Hatua ya 9: Jaribu kwenye eneo dogo

Paka kiasi cha punje ya harage kwenye upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni, kwa siku 7 hadi 10, mahali pale pale. Siku moja haitoshi kwa sababu mzio wa ngozi mara nyingi huchelewa kujitokeza. Pasipobadilika chochote, anza kuitumia kawaida, na usianze bidhaa nyingine mpya ndani ya wiki 2 zinazofuata, la sivyo hutajua ipi imekuletea nini.

Pakiwasha, pakivimba au pakitoa vipele, osha kwa maji mengi na uache. Picha ya orodha uliyopiga katika hatua ya 2 usiifute. Nenda nayo kliniki ya ngozi pamoja na kopo lenyewe, kwani daktari akiyaona majina kama yalivyoandikwa anaweza kukuambia ni kiambato gani cha kukitafuta, na kukikwepa, kwenye chupa inayofuata.